Punda Uani kwa Alatanga

Agongaye na aseme agongacho.

Mmeisikia leo kwa mama yenu. Ameitoa kwa hasira, kisha akaingia chumbani akafunga mlango, nanyi mmebaki mkitazamana kama kuku walionyeshewa. Sasa mmekuja jikoni kuniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni motoni. Na wewe Gaudensi uliyesimama hapo, rudishia mlango, baridi ya Julai haina adabu. Chukueni visu mmenye viazi. Mdomo wangu ndio wenye kazi, lakini mikono yenu sijaipa likizo.

Methali hii ilizaliwa hapa hapa Lihangule, katika ule ua ulioota matete pale chini ya kisima. Iliyoizaa ni nyundo, na kitu ambacho kila fundi anacho: punda wa kukatia mbao.

Simsemi punda wa kubeba magunia. Namsema wa mafundi: gogo moja lililochongwa, limelala juu, na miguu minne ya mbao iliyotanuliwa kwa chini, miwili huku na miwili kule, ili ubao ukilazwa juu yake utulie msumeno unapopita. Hana pambo lolote. Mwenye msumeno, nyundo na misumari michache humjenga kabla chungu cha maharage hakijaiva. Lakini katika kijiji hiki, enzi hizo, punda huyo alikuwa na heshima yake ya kutisha.

Fundi wetu alikuwa Chengula. Karakanani kwake alikuwa na punda wawili, na juu yao alikatia milango, viti na meza za watu. Punda hao hawakutoka nje ya karakana. Mtu akifariki, Chengula alikwenda kwenye msiba na vifaa vyake tu, na kazi yake ya kwanza pale uani ilikuwa kujenga punda mpya. Sanduku la marehemu lilikatiwa juu ya huyo. Watu wakitoka makaburini walimpasua kwa shoka, wakamtia kwenye moto wa matanga mpaka akawa majivu. Wazee walisema punda aliyebeba ubao wa sanduku asije akabeba ubao wa kitanda cha mtoto. Basi nyumba za watu hazikuwa na punda. Ukisikia anagongwa uani kwa jirani, ulijua ndani kuna aliyelala ambaye haamki tena. Wala hukuuliza. Kuuliza, “Punda huyo wa nani?” ilikuwa sawa na kumwita aje na kwako. Ulijitwika kuni, ukaenda ukazitua pale uani kimya, ukaketi, ukangoja mwenye nyumba aseme mwenyewe.

Na mlio wake ulijulikana. Mlango hugongwa mfululizo. Punda hugongwa mguu mmoja, kisha kimya kidogo fundi akimgeuza, halafu mguu wa pili, kisha kimya tena. Watu walitania kwamba hata mtoto mchanga akiusikia mlio ule huachia ziwa.

Sasa, pale chini ya kisima aliishi Alatanga Kihwele na mkewe Twilumba. Alatanga alikuwa mpasua mbao. Tangu ujana wake alifanya kazi kwenye kambi za msituni, huko mbali, ambako watu wawili hushika msumeno mmoja tangu umande mpaka jua linazama, na hakuna anayesemezana na mwenzake maana pumzi yote huliwa na msumeno. Nyumbani alikuja wakati wa kupanda na wakati wa Krismasi, akakaa kidogo, akarudi msituni. Kimya cha huko alikuja nacho hata huku. Ukimsalimu “Kamwene,” alikujibu “Kamwene,” na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Mungu lakini hakutaka hesabu ya nyumba ile ipungue, akampa Twilumba midomo ya watu wawili. Aliongea akilima, aliongea akiteka maji, aliongea hata na mbuzi. Alimtania mumewe mbele za watu: “Baba Edina, siku utakayosema maneno kumi bila kupumzika, nitakuchinjia jogoo.” Alatanga alitabasamu tu, na jogoo akaendelea kuzeeka. Huyo Edina alikuwa binti yao pekee, ameolewa ng’ambo ya mlima.

Mwaka mmoja, baridi ikiwa kali kama hii, kichomi kilimwangusha Twilumba. Alatanga alipelekewa habari kambini, akauacha msumeno ndani ya gogo na kuja mbio. Yeye na majirani walimbeba mgonjwa kwa machela mpaka zahanati. Akachomwa sindano, akalazwa, homa ikashuka. Siku ya kuruhusiwa, mganga wa zahanati alimvuta Alatanga nje, pembeni ya ukuta.

“Mke wako anapona,” alimwambia. “Lakini mnalala wapi?”

“Mkekani.”

“Juu ya kitanda?”

“Chini.”

“Basi hapo ndipo penye hatari. Sakafu ya udongo na baridi hii vitamrudisha hapa. Mnyanyue kutoka chini. Anywe uji apate nguvu, na hivi vidonge avinywe mpaka viishe, hata akijiona mzima.”

Alatanga aliitikia kwa kichwa, lakini maneno yale yalimchoma. Alipomwoa Twilumba alimwahidi kitanda. Mbao alizozipasua maishani mwake zingetosha vitanda vya wilaya nzima, na mkewe alikuwa bado analala chini. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima ambayo hakuna wa kumwambia. Akaapa moyoni kwamba Twilumba atalala kitandani, tena kitanda chenye kichwa cha kuchonga kama vile vya wenye nyumba za bati, na kwamba hatamwambia mpaka siku atakapomwinua na kumlaza juu yake. Alitaka, kwa mara moja tu, kumwona mwanamke yule amekosa la kusema.

Njiani Twilumba alimuuliza, “Mganga amekwambia nini kule pembeni?”

“Unywe uji.”

“Muda wote ule, uji tu?”

“Na dawa.”

Twilumba alimtazama usoni kwa muda, kisha akageuza macho kwenye migomba. Alatanga hakuliona lile. Alikuwa tayari anahesabu matendegu na mifumbati, miguu ya kitanda na mbao zake za ubavuni, akijiuliza ni mti gani utakaofaa.

Mbao alizipata kwa binamu yake ng’ambo ya kijito, mwenye shimo la kupasulia magogo. Alizibeba mwenyewe begani, safari baada ya safari, akazipanga nyuma ya nyumba, mahali ambapo mgonjwa asingeziona. Mchana mmoja, Twilumba akiwa amefumba macho, aliingia kwa kunyata na uzi wa katani. Aliuweka utosini kwa mkewe, akaunyoosha taratibu juu ya blanketi mpaka kwenye kisigino, akafunga fundo. Alipotoka alikuwa anatabasamu kama mwizi wa maembe. Hakujua kwamba mgonjwa wa kichomi halali usingizi wa kweli, hufumba macho tu.

Kazi ilimkataa tangu mwanzo. Alilaza ubao juu ya jiwe, ukateleza. Akauegemeza kwenye kizingiti, msumeno ukapinda. Kambini, mtu akikutwa na shida hiyo hujenga punda, hana haja ya kufikiri, kama anavyojipangusa jasho. Mtaniuliza, je, huyu Alatanga hakuijua desturi ya kwao? Aliijua. Ila aliijua kama unavyolijua jina la mtu mliyesoma naye utotoni: lipo kichwani, halikujii mpaka litajwe. Mikono yake ilikuwa imekaa msituni muda mrefu kuliko kichwa chake kilivyokaa Lihangule. Mikono ndiyo iliyoamua.

Alichagua kipande cha mkaratusi kikavu, akakichonga kwa tezo mpaka kikawa na mgongo wa bapa. Akakata miguu minne, akaichonga kwa juu upande-upande ili ikae imetanuka. Akaanza kugonga. Mguu mmoja, akamgeuza. Mguu wa pili, akamgeuza. Akafunga kibao baina ya miguu ya huku, na kingine baina ya miguu ya kule. Akamsimamisha chini, akamtikisa, akamkuta anayumba. Akamkata mguu uliozidi unene wa kidole, akamsimamisha tena. Ametulia. Alikaa juu yake, mtu mzima yule, akachezesha miguu hewani kwa furaha.

Ndani ya nyumba kikohozi kilikuwa kimenyamaza. Alatanga alifikiri mkewe amepata usingizi, akashukuru.

Kisha akasikia anaitwa. “Baba Edina.”

Aliingia, vumbi la mbao likiwa kwenye ndevu. Twilumba alikuwa ameketi, mgongo ukutani, mikono yote miwili imeshika ncha ya blanketi.

“Unagonga nini huko nje?”

Alatanga alitamani kusema. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, neno moja tu, kitanda. Lakini aliukumbuka ule mpango wake wa siri, akalimeza.

“Utakiona,” alisema.

“Nitakiona, mimi?”

“Kikiisha.”

Twilumba alisema kwa sauti ndogo, “Umejitahidi kukifanya mwenyewe. Hukumwita Chengula.”

“Sikutaka mkono wa mtu mwingine,” Alatanga alijibu, na akafurahi kwamba mkewe ameshahisi lakini hataki kumharibia. Alitoka nje akiwa amesimama wima zaidi ya alivyoingia.

Kijana, viazi vinamenywa kwa kisu, si kwa macho. Endelea.

Bonde letu hubeba sauti, mnalijua. Jioni ile ile alifika Zilipa, jirani wa juu ya kisima, mzigo wa kuni kichwani. Aliutua uani bila neno. Alimwona punda amesimama pale na mbao kando yake, akageuza uso. Kisha akaingia ndani, kwa kuwa yeye na Twilumba walikuwa marafiki tangu wakichunga mbuzi, akitarajia kukuta maiti imefunikwa. Alimkuta shoga yake ameketi, anamtazama.

Mfikirieni pale mlangoni. Zilipa angeweza kucheka kwa furaha na kusema, “Kumbe u mzima!” Hakucheka. Siku ya kuruhusiwa naye alikuwepo zahanati; alikumbuka mganga alivyomvuta mume pembeni, akajumlisha. Alipiga magoti, akamkumbatia Twilumba, akalia. Hakusema kwa nini analia, wala Twilumba hakumuuliza. Ikiwa kulikuwa na tone la shaka limebaki kwa mgonjwa, Zilipa alilikausha.

Alipotoka anajifuta macho, Alatanga alimwambia, “Asante kwa kuni.” Kwake yeye, hizo zilikuwa kuni za kumchemshia mgonjwa uji.

Wakaja wengine. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao, ndiyo maana naweza kuwasimulia. Walitua kuni, wakaketi kidogo kando ya ukuta na vitenge wamejifunika mabegani, wakangoja Alatanga aseme. Alatanga hakusema. Alisema “Asanteni,” akaendelea na randa. Mama alinisimulia kwamba walirudi nyumbani wakishangaa mtu mwenye moyo mgumu vile, anayemchongea mkewe sanduku angali anapumua, tena anapiga mluzi.

Kuanzia hapo Twilumba aliacha kuongea. Alatanga akileta uji, alisema ameshiba. Akileta vidonge, alivipokea, akamwomba maji, na Alatanga akirudi na maji alimkuta ameshavimeza, au ndivyo alivyoamini. Twilumba alimwita Zilipa akampa kitenge chake kizuri, kile cha kwendea kanisani. Alimwagiza jirani mwingine ampelekee Edina chungu cha bibi yake. Homa ikarudi. Kikohozi kikashuka kifuani, kikawa na mlio wa mtu anayekoroga mawe ndani ya gunia.

Alatanga aliingiwa na hofu. Aliyakumbuka maneno ya mganga: sakafu hii itamrudisha. Kumbe dawa ni kitanda, na kitanda kimechelewa! Akazidisha kasi. Aliacha kula mchana, aliacha kwenda kunywa pombe ya ulanzi na wenzake. Mgonjwa alivyozidi kudhoofu, ndivyo yeye alivyozidi kugonga, na alivyozidi kugonga, ndivyo mgonjwa alivyozidi kudhoofu. Roho inaniuma hata sasa nikisimulia, na mimi sikuwepo.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa Chengula, na hakuja kwa wema. Alikuja amekasirika. Kazi ya masanduku ilikuwa yake tangu kwa baba yake, na sasa kijiji kizima kilisema Alatanga amemnyang’anya. Alisimama ukingoni mwa ua, mikono kiunoni.

“Kihwele, mimi na wewe tuna ugomvi gani?”

“Hatuna.”

“Basi kwa nini hukuniita? Hata kama una uchungu, desturi ni desturi. Mume hamkatii mkewe...” Hapo akasita. Macho yake ya fundi yalikuwa yameshashuka kwenye kile kilichokuwa juu ya punda. Alisogea. Akalishika tendegu moja lililochongwa likawa duara, akapitisha kidole kwenye tundu la kuingizia mfumbati. Akaangalia matendegu mengine yaliyoegemezwa ukutani. “Kihwele,” alisema, na hasira yote ilikuwa imemtoka, “ni sanduku gani hili lenye miguu?”

“Sanduku?” Alatanga aliweka patasi chini. “Hiki ni kitanda.”

“Kitanda cha nani?”

“Cha mke wangu. Mganga kasema asilale chini.”

Chengula aliketi pale pale chini, kwenye maranda. “Na yeye umemwambia?”

“Nataka akione kikiisha.”

“Ewe mtu wa Mungu! Umegonga punda uani, na mgonjwa yuko ndani anasikia. Kuni zote hizi ulidhani ni za nini?”

Alatanga alizitazama zile kuni. Rundo lilikuwa limefika usawa wa dirisha. Hapo ndipo lile jina la utotoni lilipomjia. Aliukumbuka msiba wa babu yake, aliwakumbuka wanawake wameketi kando ya ukuta, alikumbuka mlio: mguu mmoja, kimya, mguu wa pili, kimya. Nyundo ikamtoka mkononi.

Alikimbia ndani akapiga magoti kwenye mkeka. Alipopeleka mkono chini ya mgongo wa mkewe ili amwinue, vidole vyake viligusa kitu kama punje za mahindi. Vilikuwa vidonge. Vyote alivyompa tangu siku ya punda vilikuwa pale chini ya mkeka.

“Mama Edina, ni kitanda!” alisema. “Nagonga kitanda, si kingine. Kitanda nilichokuahidi, cha matendegu ya duara, nimekiwekea na kichwa cha maua. Mganga alisema unapona, alisema hivyo kwa mdomo wake, unapona ila usilale chini, ndicho alichoniambia pale ukutani, hakuna kingine. Nilitaka kukushangaza. Nilikupima kwa uzi nikidhani umelala. Punda nilimjenga kwa kuwa ubao ulikuwa unateleza, nilisahau, nimekaa msituni mno, nilisahau. Hakuna aliyesema unakufa. Kunywa dawa, mke wangu. Nakuomba unywe dawa.”

Twilumba alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, lakini kulikuwa na kitu kinachocheka humo.

“Mbona hukusema?” aliuliza.

Alatanga aliviokota vidonge kimoja kimoja, akavitia kiganjani.

“Nilidhani unanificha ili nisiogope,” Twilumba alisema, akipumzika baada ya kila neno. “Nami nikakuficha kwamba nimejua. Niliona mwenzangu anataabika, nikasema nisikukawize.” Kisha akamgusa ndevu, mahali penye vumbi la mbao. “Leo umepita maneno kumi. Jogoo mchinje mwenyewe, mimi sina nguvu.”

Alatanga na Chengula walikiunganisha kitanda mchana ule ule, hakijapigwa hata msasa. Walimlaza juu yake. Alipapasa ubao wa ubavuni, akauliza kama ni mninga, akaambiwa ni mkaratusi, akasema mkaratusi nao si haba. Vidonge akavinywa vyote alivyopewa. Mganga alifuatwa, akaja na baiskeli, akaweka sikio kifuani pake, akalitoa bila kumtazama Alatanga. Maji yalikuwa yameshajaa mapafuni. Kama angeendelea na dawa tangu siku ile ya kwanza, alisema mganga, na hakuimalizia sentensi yake.

Twilumba alifariki asubuhi, ukungu ulipokuwa unanyanyuka bondeni, akiwa juu ya kitanda.

Chengula alikuja na vifaa vyake. Aliomba gogo na miti ya miguu ili ajenge punda wa msiba. Wazee walikuwa wameketi, wanawake wako ndani. Alatanga, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameketi juu ya kizingiti, aliinuka.

“Punda yupo,” alisema.

Wazee walinong’onezana. Mmoja akasema kwa upole kwamba punda yule amebeba kitanda, na desturi inataka mpya.

“Mlipomsikia anagongwa mlijua ni wa Twilumba,” Alatanga alisema. “Naye alijua hivyo hivyo. Basi na awe wake. Mti haujamuua mke wangu. Aliyemuua ni mimi, kwa kunyamaza. Katia hapo hapo, Chengula.”

Hakuna aliyebisha. Chengula alilaza ubao wa kwanza juu ya punda, akaukata. Mbao zilizobaki za kitanda zilitosha. Alipochukua nyundo, Alatanga alimshika mkono, akawageukia watu, na yule mtu ambaye sauti yake wengi hawakuijua alipaza sauti mpaka ng’ambo ya kijito wakasikia:

“Ninyi mlioleta kuni, nisikilizeni! Kinachogongwa sasa ni sanduku. Sanduku la Twilumba, mke wangu. Kile cha kwanza kilikuwa kitanda chake!”

Wanawake walitoka ndani. Zilipa alianguka pale uani akalia kwa namna ambayo mama yangu hakutaka kunieleza. Yeye naye alikuwa na lake, maana angeuliza, lingesemwa.

Walipotoka makaburini Alatanga mwenyewe ndiye aliyeshika shoka akampasua punda. Kitanda hakukilalia. Alitandika mkeka kando yake, chini, akawa analala hapo, na Edina alipokuja kumbembeleza apande alikataa. Alikaa hivyo mpaka uzee wake. Na tangu siku ile hakugonga msumari bila kupaza sauti kwanza. Alitengeneza banda la kuku, akasimama uani akatangaza: “Nagonga banda la kuku!” Alitia mpini kwenye jembe: “Nagonga mpini!” Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Yeye hakucheka. Watu wazima nao hawakucheka, wakaanza kumwiga, kwanza majirani wa kisima, kisha kijiji kizima. Mtu akitaka kupiga msumari nyumbani kwake alitangaza, na jirani akamjibu kutoka kwake, “Gonga!” Punda wa nyumbani hakuogopwa tena, maana kila mtu alijua ni wa nini. Na palipokuwa na mtu anayefanya jambo lake kimya huku wenziwe wanakonda kwa hofu, wazee hawakumpa mahubiri marefu. Walimrushia tu maneno yale mliyoyasikia kwa mama yenu.

Haya, viazi vinatosha. Vitieni maji.

Wewe Gaudensi, baki. Tangu jana tunakusikia nyuma ya banda la mbuzi, unapigilia kasha. Ni kubwa, linaingia nguo na blanketi. Labda unasafiri, labda unahama, labda unatengeneza la kuwekea vitabu. Mimi sikuulizi. Lakini mwezi uliopita uligombana na baba yako, na mama yako ana masikio, na chakula cha mchana leo hakukigusa. Yuko chumbani amekaa gizani, anajijibu mwenyewe, na majibu ya mtu aliyekaa gizani peke yake huwa ni mabaya kila siku.

Weka kisu chini, mjukuu wangu. Nawa mikono, ukabishe mlango wa mama yako. Kama ni safari, mwambie ni safari. Kama ni vitabu, mwambie ni vitabu. Agongaye na aseme agongacho.